Posho, Kambi na Kabini: Historia ya Malazi ya Safari za Mizigo kati ya Dar es Salaam na Lilongwe

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya malazi ya wasafirishaji wa mizigo katika njia zinazounganisha mwambao wa Afrika Mashariki na nchi ya Malawi, tangu misafara ya wapagazi ya karne ya 19 hadi malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Lilongwe hivi leo. Swali linaloongoza uchunguzi ni hili: nani amekuwa akibeba gharama ya usiku wa safari? Inaelezwa kwamba msafara ulikuwa na kambi yake, na vyombo vya kuajiri vibarua vya wakati wa ukoloni vilikuwa na vituo vyao vya kulala. Lakini barabara za lami zilizojengwa baada ya uhuru zilipangwa kwa ajili ya mzigo, na usiku wa dereva ukaachwa mikononi mwa dereva mwenyewe na wakazi wa kando ya barabara. Historia ya neno posho inatumika kama ushahidi wa mabadiliko hayo. Makala yanamalizia kwa kuitazama Lilongwe, ambako dereva na mkimbizi wa Dzaleka, wote wazungumzaji wa Kiswahili, wanakabiliwa na taratibu mbili zinazopingana kuhusu kupita na kulala.

1.0 Utangulizi

Historia ya barabara katika Afrika Mashariki na Kati imeandikwa zaidi kama historia ya mwendo. Wataalamu wamehesabu kilomita zilizojengwa, tani zilizosafirishwa na siku ambazo mzigo huchukua kutoka bandarini hadi ghalani. Usiku haumo katika hesabu hizo, isipokuwa kama ucheleweshaji. Hata hivyo, lori linaloondoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Lilongwe, safari ya zaidi ya kilomita 1,500, haliwezi kufika bila kulala njiani mara kadhaa. Litapita Morogoro, Mikumi, Iringa na Makambako hadi Uyole, Mbeya. Hapo litageuka kusini kupitia Tukuyu hadi mpaka wa Kasumulu, livuke Mto Songwe na kuingia Karonga. Kisha litafuata ufuo wa ziwa ambalo Watanzania huliita Nyasa na Wamalawi huliita Malawi, lipande kona za Chiweta hadi nyanda za juu, na kupita Mzuzu, Kasungu na Mponela kabla ya kufika mji mkuu.

Lugha ya barabarani yenyewe inadokeza tatizo linalojadiliwa hapa. Husemwa kwamba gari “limelala” Kasumulu, au mzigo “umelala” mizani. Kinacholala katika kauli hizo ni chombo na mali, mtu hatajwi. Na mara nyingi ndivyo ilivyo: mali ikilala, dereva na utingo wake hukesha kuilinda. Makala haya yanamrudisha mtu huyo katika historia kwa kufuatilia mahali alipolala, aliyemlisha, na aliyelipa. Hoja kuu ni kwamba ukosefu wa malazi yaliyopangwa kwa madereva si desturi ya kale ya njia hizi. Ni zao la uamuzi wa miaka ya karibuni kuhusu kile kinachohesabiwa kuwa barabara.

2.0 Kambi ya msafara

Njia za kuelekea nchi ambayo leo ni Malawi zilikuwa na usiku wake muda mrefu kabla ya injini. Katikati ya karne ya 19, Salim bin Abdallah, aliyejulikana kwa cheo cha Jumbe, aliweka makao Nkhotakota, ufuoni mwa ziwa upande wa magharibi. Misafara iliyotoka Kilwa ilifika ufuo wa mashariki, na majahazi yakavusha watu na bidhaa. Kaskazini zaidi, katika miaka ya 1880, mfanyabiashara Mlozi alijenga ngome karibu na Karonga. Vita vyake na Kampuni ya Maziwa ya Afrika kati ya 1887 na 1889, kisha kunyongwa kwake kwa amri ya utawala wa Harry Johnston mwaka 1895, ni sura inayojulikana katika historia ya Malawi. Isiyokumbukwa sana ni kwamba katika njia hizo hizo Kiswahili kiliwekeza msamiati wa kupiga kambi.

Msafara ulikuwa na utaratibu wa usiku. Kirangozi, aliyetangulia mbele, ndiye aliyejua maji yalipo na mahali pa kutua. Mizigo ilipangwa pamoja, vibanda vya majani vikajengwa, na penye simba au maadui pakazungushwa boma la miiba. Neno kambi halikumaanisha mahali tu; lilihusu pia kundi la wapagazi waliopika na kula pamoja. Chakula chao kiliitwa posho, na kipimo kilichozoeleka kilikuwa kibaba cha nafaka kwa mtu mmoja kwa siku moja. Palipokosekana nafaka, wapagazi walipewa nguo au shanga za kununulia chakula vijijini.

Si nia ya makala haya kuisifu misafara hiyo. Baadhi yake iliburuta watumwa waliofungwa minyororo, na wapagazi wengi walikufa kwa njaa, ndui na uchovu. Jambo la kuzingatia ni finyu zaidi: usiku ulikuwa sehemu ya hesabu ya safari. Kwa kuwa posho ilipimwa kwa siku, msafara uliochelewa ulimgharimu mwenye mali. Siku tatu za kungoja mto upungue zilikuwa vibaba vitatu kwa kila kichwa, na deni hilo halikuwa la mpagazi. Mpagazi aliyenyimwa posho alijua anachodai, na migomo na utoro katika misafara ya karne ya 19 mara nyingi ilianzia hapo.

3.0 Ulere na Wenela: usiku wa mwajiri

Utawala wa Kiingereza ulipoimarika, biashara ya pembe na watumwa ilikoma, na watu wa Nyasaland wakawa wao wenyewe ndio shehena kuu iliyosafirishwa. Kodi ya kibanda na uhaba wa kazi za ujira viliwasukuma maelfu ya wanaume kutembea hadi mashamba na migodi ya Rhodesia ya Kusini na Afrika Kusini. Mwanzoni walilala porini, na wengi hawakufika.

Katika miaka ya 1930 serikali ya Rhodesia ya Kusini ilianzisha usafiri wa bure wa vibarua, uliojulikana kwa neno la Kichewa ulere, yaani bila malipo. Pamoja na malori ya kubeba watu, njia hizo ziliwekewa vituo vya kulala na kugawa chakula. Shirika lililokusanya wafanyakazi kwa ajili ya migodi ya Afrika Kusini, ambalo herufi za jina lake zilitamkwa Wenela, nalo lilikuwa na kambi na bohari zake. Jina hilo lingali hai: kituo kikuu cha mabasi cha Blantyre kinaitwa Wenela hadi leo.

Vituo hivyo havikujengwa kwa huruma. Mwajiri alihitaji kibarua afike akiwa na nguvu, na alitaka ajue alipo. Kambi ilikuwa malazi, na papo hapo ilikuwa njia ya kuhesabu watu na kuwadhibiti. Hata hivyo, kanuni iliyokuwamo katika misafara ilibaki: aliyenufaika na safari aligharimia usiku wake. Mfumo huo ulipata pigo mwezi Aprili 1974, ndege iliyowabeba wachimbaji wa Kimalawi ilipoanguka Francistown, Botswana, na kuua zaidi ya watu 70. Rais Hastings Kamuzu Banda alisimamisha uandikishaji wa wafanyakazi hao. Wakati huo, aina nyingine ya safari ilikuwa tayari imeshika kasi upande wa kaskazini.

4.0 Barabara isiyo na kitanda, 1965–1992

Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru. Zambia, iliyotegemea reli za kusini, ililazimika kutafuta njia ya kuelekea Dar es Salaam. Malori yakaanza kubeba mafuta na shaba katika barabara ya udongo iliyotisha kiasi cha kupewa jina lenye maana ya njia ya jehanamu. Hatua zilizofuata zilikuwa za haraka: bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, barabara kuu ikawekwa lami, na reli ya TAZARA ikakamilika katikati ya miaka ya 1970. Hiyo ilikuwa miradi ya ukombozi, na iliendeshwa kwa dharura ya vita. Swali lililoulizwa lilikuwa ni tani ngapi zitapita. Mahali pa kulala dereva halikuwa swali.

Malawi haikuwamo katika juhudi hizo. Baada ya mgogoro wa baraza la mawaziri wa 1964, baadhi ya wapinzani wa Banda walikimbilia Tanzania, na mzozo kuhusu mpaka wa ziwa ukazidi kuharibu uhusiano. Mizigo ya Malawi ilipita Msumbiji, kwa reli za Beira na Nacala. Vita vya Msumbiji vilibadili hali hiyo kabisa. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 reli zote mbili zilikuwa zimekatwa na mashambulizi ya Renamo. Bidhaa za Malawi zikazungushwa kwa malori kupitia Zambia na Zimbabwe hadi Durban, au zikapita mkoa wa Tete katika misururu iliyolindwa na wanajeshi. Katika misururu hiyo, amri ya kusimama na kuondoka ilikuwa ya askari. Dereva alilala pale msururu uliposimama.

Mwaka 1985 Malawi na Tanzania zilianzisha uhusiano wa kibalozi. Njia ya kaskazini ikafunguka: mizigo ilisafirishwa kwa TAZARA hadi Mbeya, ikahamishiwa kwenye malori, na kuvushwa Songwe. Vituo vya mizigo vya Malawi vilijengwa Dar es Salaam na Mbeya. Neno kituo hapa linastahili kuangaliwa. Kituo cha Ulere kilikuwa cha watu. Kituo cha Mbeya kilikuwa cha mizigo, chenye maghala, matangi ya mafuta na ofisi za nyaraka. Mkataba wa amani wa Msumbiji wa Oktoba 1992 uliwezesha Beira na Nacala kurudi taratibu, lakini njia ya Dar es Salaam haikufa. Kwa kuwa reli haikukidhi mahitaji, lori liliendelea kuchukua safari nzima, kutoka bandarini hadi Lilongwe. Usiku mmoja wa Mbeya ukawa usiku wa siku nyingi, kila mmoja mahali pake.

5.0 Waliojenga malazi

Nchi ilipojenga lami na mizani, wananchi walijenga usiku. Kila mahali ambapo lori lililazimika kusimama, palitokea kwanza chungu cha mama lishe, kisha benchi, banda, fundi wa pancha, nyumba ya wageni na msikiti au kanisa. Sababu za kusimama zilikuwa za aina tatu. Ya kwanza ni ardhi: dereva mwenye tela zito hupenda kulala Ruaha Mbuyuni ili aupande mlima Kitonga asubuhi, injini ikiwa imepoa na macho yakiwa yamepumzika, vivyo hivyo kwa kona za Chiweta. Ya pili ni sheria: mizani ya Vigwaza, Mikese na Makambako, pamoja na forodha. Ya tatu ni hofu: katika Hifadhi ya Mikumi, inayokatwa na barabara kuu, hakuna anayetaka kulala, hivyo vijiji vya kabla na baada ya hifadhi hupokea wale ambao giza limewakuta.

Mfano ulio wazi zaidi wa mji uliozaliwa na foleni uko Kenya. Mlolongo, katika barabara ya Mombasa karibu na Nairobi, ulipata jina lake kutokana na msururu wa malori yaliyosubiri kupimwa. Wakazi waliujenga mji juu ya muda uliopotea wa watu wengine, na jina likakiri hivyo waziwazi. Kasumulu na Songwe zina sababu yao ya pekee ya kupoteza muda: saa za nchi hizi mbili hazilingani. Tanzania iko saa moja mbele ya Malawi. Pale ofisi zinapofunga jioni, dereva anayefika upande wa Tanzania dakika chache baada ya kufungwa huona ng’ambo ya mto bado ni mchana wa kazi, lakini hawezi kuvuka. Saa moja ya ramani humpa saa kumi na mbili za kungoja.

Katika kungoja huko Kiswahili kilivuka mto kwa mara nyingine. Mwaka 1968 serikali ya Banda ilifanya Kichewa kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili hakikuwa na nafasi katika sera hiyo. Hata hivyo, sokoni Karonga, ambako Wangonde huelewana kwa urahisi na ndugu zao Wanyakyusa wa Kyela na Tukuyu, lugha ya kuulizia bei ya kitanda, maji ya kuoga na sahani ya wali au nsima kwa usipa ilikuwa mara nyingi Kiswahili. Hakuna shule iliyokifundisha. Kilifundishwa na haja ya mgeni kulala na haja ya mwenyeji kuuza.

6.0 Kabini na posho

Nyumba za wageni zipo, ila madereva wengi hulala garini. Jambo hili hutafsiriwa kama mazoea au ubahili. Historia inaonyesha sababu mbili nzito zaidi.

Sababu ya kwanza ni dhima ya mzigo. Dereva hukabidhiwa nyaraka, lakiri za forodha, turubai, matairi na tangi la mafuta. Dizeli ikinyonywa usiku, au turubai likichanwa, maswali ya kwanza humwelekea yeye. Basi kitanda chembamba nyuma ya kiti huwa malazi na lindo kwa wakati mmoja. Utingo hulala chini ya tela au juu ya mzigo, sikio likiwa wazi. Mlinzi wa maegesho hulipwa kidogo kwa kila gari, lakini hawezi kubeba dhamana ya shehena nzima.

Sababu ya pili ni posho. Neno la msafara limesalia, lakini maana yake imegeuka. Kwa mpagazi, posho ilikuwa kipimo cha siku. Kwa dereva wa leo, mara nyingi ni fedha ya jumla inayotolewa mwanzoni mwa safari, ambayo humo ndimo mna chakula, kitanda, maegesho, choo cha kulipia na dharura. Safari ikirefuka kwa foleni ya mpakani, posho hairefuki. Kila usiku wa nyumba ya wageni ni fedha inayoondolewa nyumbani kwa dereva, na kila usiku wa kabini ni fedha iliyookolewa. Pale mshahara ulipo mdogo au haupo kwa maandishi, posho ndiyo huwa mshahara. Kwa njia hiyo gharama ya ucheleweshaji, ambayo zamani ilimwangukia mwenye mali kwa hesabu ya vibaba, imehamia kwa anayelala.

Uhamisho huu ulikwenda sambamba na mabadiliko ya umiliki. Mashirika ya umma ya usafirishaji yalipodhoofika katika miaka ya 1980 na 1990, nafasi yao ilichukuliwa na kampuni binafsi na wamiliki wa lori moja au mawili. Katika mazingira ya wamiliki wengi, mikataba ya maandishi ikawa suala la mapambano. Tarehe 10 Aprili 2015 madereva wa mabasi na malori nchini Tanzania waligoma. Pamoja na kupinga agizo la kurudi kwenye mafunzo kila leseni inapohuishwa, walidai mikataba ya ajira. Mgomo ulirudi mwezi uliofuata. Magazeti yalizungumzia zaidi abiria waliokwama. Lakini kwa mtazamo wa historia ndefu, madai ya mkataba yalikuwa pia madai ya kurudishiwa kipimo: siku ngapi, usiku ngapi, kwa kiasi gani.

Inafaa kulinganisha hali hii na ile ya abiria. Kwa takriban miongo mitatu, hadi 2023, Tanzania ilizuia mabasi ya abiria kusafiri usiku kucha, kwa sababu za ajali na ujambazi. Uamuzi huo ulikubali kwamba usiku wa barabarani una hatari ambayo dola inawajibika kuizuia. Wajibu huo haukuendelezwa hadi kwenye maegesho ya malori.

7.0 Malazi yaliyoletwa na maradhi

Mara mbili dola na mashirika yaliyatazama malazi ya madereva kwa makini, na mara zote mbili sababu ilikuwa maradhi.

Mara ya kwanza ilikuwa UKIMWI. Katika miaka ya 1980 na 1990 miji ya malori, kama Lyantonde nchini Uganda na Makambako nchini Tanzania, ilitajwa mara kwa mara katika tafiti na kampeni. Dereva alichorwa kama msambazaji wa virusi. Maswali yalikuwa juu ya nani alilala naye. Ni machache yaliyouliza kwa nini alilala pale kwa siku nne. Mabadiliko muhimu yalitokea katika muongo wa 2000, na Malawi ilikuwa kitovu chake. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, lililotegemea malori kufikisha misaada, lilishirikiana na kampuni ya usafirishaji ya TNT kuanzisha kliniki za kando ya barabara. Kituo cha mwanzo kilikuwa Mwanza, yaani Mwanza ya Malawi, mpakani na Msumbiji. Vituo hivyo vilifunguliwa jioni, wakati dereva amesimama, badala ya asubuhi anapoondoka. Uamuzi huo mdogo wa saa ulikuwa miongoni mwa hatua chache zilizopangwa kwa kufuata usiku wa dereva.

Mara ya pili ilikuwa UVIKO-19. Mwaka 2020 madereva walipimwa mipakani na kungoja majibu ndani ya magari. Foleni ya Malaba, kati ya Kenya na Uganda, ilifikia makumi ya kilomita. Mwezi Mei mwaka huo Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa, na Tunduma ikajaa malori. Uganda ilitangaza orodha ya mahali palipoidhinishwa kwa malori kusimama, na kuzuia kusimama kwingineko. Kwa mara ya kwanza usiku wa dereva uliwekwa kwenye waraka wa serikali, lakini ili wenyeji walindwe dhidi yake. Walioathirika pia ni mama lishe na wenye nyumba za wageni waliokuwa wamejenga malazi hayo kwa miaka mingi, na ambao ghafla walikatazwa kumkaribisha mteja wao.

8.0 Lilongwe: kupita na kulala

Lilongwe ilichukua nafasi ya Zomba kama makao makuu mwaka 1975. Mzigo wa kaskazini huishia zaidi Kanengo, eneo la viwanda na maghala ambalo pia ndilo soko kuu la tumbaku. Kabla ya kufika huko, lori hupita njia panda ya Dowa, si mbali na Dzaleka.

Dzaleka ilikuwa gereza la kisiasa wakati wa Banda. Jina lake, kutoka Kichewa, hufasiriwa kuwa ahadi ya mtu kwamba ataacha, hatarudia tena. Mwaka 1994 mahali hapo palifanywa kambi ya wakimbizi waliotoka Rwanda, Burundi na Kongo. Kambi iliyokusudiwa watu wapatao 10,000 sasa ina zaidi ya 50,000, na Kiswahili ni lugha yake kubwa ya mawasiliano. Neno kambi limerudi, baada ya karne moja na zaidi, katika maana iliyopinduliwa. Kambi ya msafara ilikuwa ya usiku mmoja na ilivunjwa alfajiri ili watu waendelee. Kambi ya Dzaleka ina watu waliozaliwa humo na kuwa wazazi humo.

Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ikiweka masharti, likiwamo la uhuru wa kwenda popote. Pamoja na hayo, kwa miaka mingi wakimbizi wengi walifanya biashara na kupanga vyumba mjini. Chinsapo, makazi makubwa yasiyo rasmi upande wa kusini-magharibi wa Lilongwe, ni miongoni mwa mitaa iliyofungua mlango kwa mgeni mwenye fedha kidogo: chumba cha kupanga, maji ya kununua kwa ndoo kwenye kioski, na jirani asiyeuliza sana ulikotoka. Katika mitaa ya aina hiyo Kiswahili cha kambi kilikaa pamoja na Kichewa cha jiji. Mwezi Machi 2023 serikali iliamuru wakimbizi wote warejee Dzaleka, na kuanzia Mei polisi waliwakamata watu mitaani na kufunga maduka yao. Wapangaji wakawa wasafiri wasiotaka safari.

Kuwaweka dereva na mkimbizi katika sura moja hakumaanishi kwamba hali zao ni sawa. Dereva ana nyumbani kwake pa kurudi. Lakini ukiwatazama katika kilomita hizo chache za barabara kuu, sheria inayowagusa inafanana na kitambaa kimoja kilichokatwa vipande viwili. Dereva ana haki ya kupita ila hana mahali alipotengewa kulala. Mkimbizi ametengewa mahali pa kulala ila hana haki ya kupita. Kwa wote wawili, aliyebeba pengo hilo ni mwenyeji wa kawaida: mwenye chumba Chinsapo, mwenye banda la chakula Mponela, mwenye kiwanja cha maegesho Karonga. Historia ya ukarimu katika njia hii imeandikwa na watu wasiolipwa na bajeti yoyote ya barabara.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba katika vipindi vitatu vya njia moja, usiku umebadilisha mwenye kuubeba. Msafara uliuhesabu kwa kibaba. Mwajiri wa kikoloni aliujengea vituo kwa faida yake. Barabara ya kisasa imeuacha nje ya hesabu, na kumwachia dereva kabini na posho isiyokua. Umaskini pekee hautoshi kueleza mabadiliko haya, kwa maana yametokea katika kipindi kilichojenga lami, madaraja, mizani na vituo vya forodha vya gharama kubwa kuliko wakati wowote uliotangulia.

Hatua tatu zinatokana na historia hii. Kwanza, mahali pa kulala malori, penye taa, maji, choo na ulinzi, pahesabiwe kuwa sehemu ya barabara kama mizani inavyohesabiwa, na pajengwe pale ambapo madereva tayari hulala ili mama lishe na wenye nyumba za wageni wasiondolewe na mradi unaodai kuwasaidia. Pili, saa za kazi za Kasumulu na Songwe zipangwe kwa kuzingatia tofauti ya saa kati ya nchi hizi mbili. Tatu, mkataba wa dereva utaje posho kwa kila usiku, si kwa kila safari. Pendekezo hili la mwisho si geni. Wapagazi waliolala Nkhotakota na Karonga walikuwa na kipimo chao, na aliyewachelewesha aliwalipa.